Fundi Asiyevuta

Fundi wangu, mwenye plasta pana kwenye mkono wake wenye manyoya, havuti kitu. Nilimpelekea gari anitolee vile vikinga mvua vya plastiki juu ya madirisha, vimepauka hadi aibu. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Yeye akaingia saluni ya mkewe, mlango wa pili, akatoka na mashine ya kukaushia nywele. "Baba watoto, mteja wangu kichwa kinachuruzika!" mkewe akalalamika. "Mwambie avumilie, mgonjwa wangu yuko mezani." Akapuliza joto, akaigusa rangi kwa mgongo wa kidole kama anayepima homa ya mtoto, akapuliza tena. Gundi ilipolegea, akapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma ya plastiki, akausugua huku na huku, akinong'ona "pole, pole." Pole ya gari, si yangu niliyesimama juani. Uvumilivu ukanishinda, nikashika ncha nivute. Akanichapa kofi mkononi. "Bosi! Ukivuta, inakuja na rangi yake!"

Cha nne kilipobanduka, akafuta gundi iliyobaki kwa kitambaa chenye spiriti. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ndipo akaiona plasta yake imefunuka pembeni. Akaing'ata kwa meno, akaing'oa kwa mkupuo mmoja, manyoya na ngozi vikaja nayo, machozi yakamlenga.

"Fundi, mbona hiyo hukuipuliza kwanza?"

Akanitazama kwa huruma. "Ngozi itaota, bosi. Rangi ya gari ushaiona ikiota?"