Amplifaya Iliyokataa Baridi

Mama mkwe wa Waya alimheshimu sana mkwewe, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Angemtukana, Waya angejitetea.

Waya, ambaye jina lake la shuleni lilikwisha sahaulika hata na mkewe, alitengeneza redio kwa miaka ishirini na mbili katika kibanda cha mabati chenye upana wa kitanda. Alifufua vitu ambavyo wenyewe walikwisha vililia. Amplifaya ya mama mkwe tu ndiyo iliyomgomea. Ukibonyeza swichi, taa nyekundu ilipepesa kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, ndani kukasikika tak, tak, tak, kisha kimya. Ikijisikia, iliwaka baada ya robo saa. Isipojisikia, basi.

Na Jumamosi mama mkwe alikuwa anatimiza miaka sabini. Alikwisha tangaza kwamba atacheza. Si kuketishwa kitini apigwe picha, kucheza. Raba za kuchezea alikwisha nunua.

Mara tatu Waya aliibeba amplifaya hadi kibandani. Mara tatu ikawaka kwa mbonyezo wa kwanza, ikaimba mchana kutwa, mpaka muuza viatu wa jirani akaomba ahurumiwe. Waya alikuwa na sheria moja kazini: kinachowaka hakifunguliwi. Akaipangusa vumbi, akairudisha. "Nzima hii, mama." Ikafika sebuleni ikasema tak, tak, tak.

"Labda inanionea haya," mama mkwe alisema kwa upole.

"Ni umeme wa hapa, mama. Mdogo."

"Jokofu halijalalamika."

Mke wa Waya alikuwa pembeni akikunja shuka, kwa umakini wa mtu anayezuia kicheko.

Alhamisi, mama mkwe akauliza kwa adabu zote: "Mwanangu, kwani mji huu hauna fundi?"

Swali hilo lilifika nyumbani kwa Waya kabla yake.

Ijumaa saa tatu asubuhi alirudi na begi la vyuma, ameapa kwamba leo hatoki bila jibu. Aliikuta amplifaya uani, juu ya kigoda, imeanikwa juani pamoja na mito miwili.

"Mama! Nani kaianika hii?"

"Mimi. Ikipata jua nusu saa, inawaka vizuri tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na hukuniambia?"

"Baba, mimi nimfundishe fundi kazi?"

Waya akakaa chini, palepale kwenye saruji. Sebule ya mama mkwe ilikuwa ya vigae, dirisha lake halijawahi kuliona jua. Watu waliingia humo na sweta. Kibanda chake, kufikia saa nne, kilikuwa tanuri. Kwa wiki tatu alikuwa akimchukua mgonjwa wa baridi, akimpeleka motoni, kisha akishangaa kwamba huko haumwi.

Akacheka mpaka mkewe, aliyekuja kusaidia maandalizi, akatoka ndani kuangalia kama ni kilio.

Aliifungua juu ya meza ya jikoni. Penye njia ya umeme, kapasita mbili, vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa. Kapasita iliyochoka ni kama mzee wa ofisini: haianzi kazi mpaka ipate joto. Waya alikwisha waeleza hivyo wateja wasiopungua mia. Akazing'oa, akalehemu mpya, akafunga.

"Washa," mama mkwe alisema.

"Bado, mama. Ilale kwenye vigae. Iipate baridi yote iliyopo."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi walikuwa sebuleni watatu, wamejifunika kanga na masweta. Mama mkwe akabonyeza mwenyewe. Tak. Moja tu. Taa ikatulia, spika zikavuta pumzi, na muziki ukajaa chumba hadi vikombe vikatetemeka kabatini.

Wageni walialikwa saa tisa alasiri. Kufikia saa mbili asubuhi, mwenye sherehe alikuwa ameloa jasho, amemchosha binti yake, na raba moja ilikuwa chini ya kochi.

"Nenda kawaite majirani," alimwambia mkwewe, akihema. "Waje sasa hivi. Miguu hii siwezi kuidhamini hadi alasiri."

Waya alikuwa tayari mlangoni.

"Na yule wa kushoto, televisheni yake ina mistari. Mwambie asihangaike kutafuta mtu. Fundi ninaye."