Mwenyekiti Aliyekataa Kutoka Kwenye Simu

Rwamba hutengeneza tovuti juu ya duka la agroveti pale Runyenjes, na harufu ya dawa ya kupe imeshaingia hadi kwenye kompyuta. Faili zake zote alikuwa akizitupa katika folda moja, kama mkulima mjanja anayepeleka kahawa kiwandani: nyekundu, mbichi na mawe, gunia moja. Lakini alijivunia kanuni moja: picha ya kiongozi huitwa kwa cheo, si kwa jina. Watu hupita, kiti hubaki.

Mwezi wa tatu, wakulima wa kahawa wa chama cha Gatumbi walimng'oa Mzee Hezekiah baada ya miaka kumi na minane, wakamchagua Mama Ruguru. Rwamba, anayetunza tovuti ya chama, akafuta picha ya mzee, akaweka ya mama kwa jina lile lile, mwenyekiti.jpg, akaenda zake kula ndizi za kuchoma.

Jumatatu wanachama wakafungua tovuti kwenye simu. Hezekiah bado yupo, na tai yake nyekundu. Mzee mwenyewe alizunguka kiwandani akieleza, kwa unyenyekevu mwingi, kwamba Mungu akishaandika hafuti. Watu wawili wakaanza tena kumpelekea maziwa.

Mama Ruguru akapanda ngazi za agroveti, akiwa na hakika kwamba Rwamba amekula chai ya mzee ili asimtoe. Akampa mpaka mkutano wa chama wa saa nane. Sura ile ikionekana tena, tovuti anapewa mpwa wake wa Embu mjini.

Kwenye kompyuta ya Rwamba, mama alionekana vizuri. Kwenye simu ya muuza dawa wa duka la chini, mzee. Ndipo akakumbuka: simu huweka akiba ya picha iliyokwisha kuiona, na jina likiwa lile lile haijisumbui kwenda kuchukua nyingine. Akafanya alichokwepa miaka mitatu: picha folda yake, fonti za maandishi folda yake, rangi na mitindo folda yake. Mama akawa mwenyekiti-2.jpg.

Saa nane simu zikafunguliwa ukumbi mzima. Mama Ruguru, kila moja. Hezekiah akaipangusa yake kwa koti, akatazama tena, akaomba maji.

Kazi ikabaki kwa Rwamba. Kwa furaha akamwonyesha mama folda zilivyopangwa.

"Hiyo mbili ni ya nini?"

"Ndiyo iliyomtoa mzee, mama."

"Kwa hivyo kuna siku itakuwa tatu."

Rwamba akaanza kuifunga folda.

"Itoe."

"Nikiitoa, mzee anarudi."

Mama akalifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyofikiria ahadi zake za kampeni.

"Iache," akasema. "Lakini usiwafundishe watu kuhesabu."