Ndoo ya Udongo ya Mama Echata

Msa Attoumane, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, aliheshimika mpaka mwaka 1983 alipofuga mbwa. Mkewe Kalathoumi, Mama Echata kwa jina la mtoto wao, hakugombana naye. Aliweka tu ndoo ya udongo mlangoni, na kila Msa aliporambwa, alimwosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama sheria ya dini inavyotaka kwa najisi ya mbwa. Kiwanda kizima hakikuwa na mikono safi kama hiyo.

Kapteni, ndilo jina la mbwa, hakuwa ametimiza miaka miwili alipoanza kuzunguka. Kushoto tu, mpaka anajigonga ukutani na kushangaa ukuta umetoka wapi. Jirani yao Ousséni akasema ana pepo la kifalme, roho ya mfalme wa kale, afungwe kitambaa chekundu ili litulie. Msa, mtu wa mashine, akacheka sana. Kisha akamfunga. Mbwa akaendelea kuzunguka, safari hii amependeza.

Kifafa kilipomwangusha, mzaha ukaisha. Msa alimpakia melini hadi mji wa Mahajanga, abiria wakampisha sitaha nzima. Daktari wa mifugo akamulika macho yake, akapima miguu, akasema huenda ni uvimbe kwenye ubongo. Hata mbwa wachanga huupata. Dawa ya kuuondoa hakuna. Vidonge vingezuia kifafa kwa muda, asubuhi na jioni, visukumwe kwa mkono hadi nyuma ya ulimi. Msa alilia palepale, mbele ya mbuzi wa watu.

Nyumbani, vidole vyake vinene vya kushika spana vilishindwa kazi. Akisukuma kidonge, Kapteni anakitema kiatuni. Siku ya nne kifafa kikarudi mara tatu, na Msa akasema basi, kesho atamwomba mtu ammalize, asiteseke.

Asubuhi alitoka na kamba mkononi. Kalathoumi alikuwa ameketi chini uani, kichwa cha Kapteni mapajani, mkono wake umezama kinywani mwa mbwa hadi kifundoni.

"Mama Echata! Si najisi huyo?"

"Najisi tupu," akajibu bila kuinua macho. "Udongo upo. Wewe lete maji, Baba Echata, na hiyo kamba kaanikie nguo."

Kapteni alizunguka uani miezi kumi na moja zaidi. Walipomaliza kumzika, Msa aliiondoa ndoo mlangoni. Kalathoumi akairudisha. "Atakayekuja naye ataramba," akasema.