Mayai Niliyoyapaka Mafuta

Juzi mjukuu wangu alinisomea kitabu chake cha shule: ganda la yai lina vitundu vidogo mno, na kifaranga aliye ndani hupata hewa kupitia hapo. Nikamwambia arudie. Aliporudia, ilinijia harufu ya mafuta ya nyonyo.

Nilikuwa mtoto mdogo, na baba alikuwa bado migodini Rodeshia. Ukungu wa Ileje ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, na mama, kando ya moto, alikuwa akimpaka mdogo wangu nyonyo mwili mzima ili baridi isimwingie. Mtoto alinyamaza, akang'aa. Mama alipokwenda mtoni nikayawaza mayai ya kuku wetu mwekundu, aliyekuwa akiatamia nyuma ya mtungi. Hayo nayo si watoto? Nikayatoa moja moja chini ya tumbo lake lenye joto, nikayapaka yote, nikayarudisha. Kuku alinung'unika tu, hakunidonoa.

Siku za kutotoa zilipita. Mama akavunja yai moja, uvundo ukatutoa nje.

"Viza yote," alisema. "Kuku huyu hajui kulea. Tumle tu."

Nami nilimkasirikia kuku. Nilikuwa nimemsaidia kuyatia joto, na bado akashindwa. Alipokamatwa alikuwa angali ameyalalia.

Mama alinichagulia paja. "La kwako hili, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtunza."

Nikala, nikalamba na vidole, nikaona nimestahili.