Mama Picha na Betri za Gari-Nyumba

Mama Picha alikuwa mpiga picha za vitambulisho, mwanamke wa kicheko kikubwa, na studio yake ilikuwa na magurudumu. Lilikuwa gari-nyumba kuukuu la rangi ya maziwa, walilolinunua yeye na mumewe mwaka ule mumewe alipostaafu udereva wa malori. Nyuma kulikuwa na kitanda, katikati jiko la gesi na friji ndogo, na mbele, mgongoni mwa kiti cha dereva, walitundika pazia jeupe, wakaweka kigoda na taa mbili za miguu mirefu. Wakiingia mji wowote hutafuta uwanja karibu na soko au shule. Mumewe hushusha ngazi, na kabla hajamaliza kukunjua mwamvuli, watu wameshapanga foleni.

Taa, friji, feni na mashine ya kuchapa picha, vyote vilikula umeme wa betri mbili zilizofungiwa kwenye sanduku chini ya kochi. Siyo ile ya kuwashia injini, maana hiyo ilikuwa na mahali pake chini ya boneti. Hizi zilikuwa betri za nyumba. Zilijazwa na sola iliyolazwa juu ya paa, na gari likiwa safarini zilijazwa na injini. Kwa miaka mingi Mama Picha hakuwahi kuzifikiria, kama mtu asivyolifikiria ini lake mpaka limuume.

Liliuma mbele ya mwalimu mkuu. Bwana yule alikuja na suti na tai, akakaa kwenye kigoda amenyooka kama rula, akapigwa picha. Mashine ikaanza kutema karatasi taratibu: nywele, paji la uso, macho, pua. Ikafika hapo ikanyamaza. Taa zikafifia zikawa za manjano, feni nayo ikakata pumzi.

Mwalimu akaiokota ile karatasi. "Kumbe sina mdomo?"

"Mdomo unakuja, mwalimu, vumilia kidogo."

"Usihangaike, mama. Walimu wangu wakiiona hii wataomba nibaki hivi hivi."

Wakacheka wote, lakini mwalimu alipoondoka Mama Picha akamgeukia mumewe. "Mzee, tumeaibika."

"Zimechoka hizo betri," akasema mumewe. "Niachie mimi."

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mapenzi na vitu vikubwa. Kesho yake akarudi anatweta, na nyuma yake mkokoteni umebeba betri mbili za kutisha. "Hizi zinawasha trela lenye mzigo!" akatangaza. "Hako kataa kako kana nini?" Mama Picha akampigia makofi, na kwa wiki kadhaa studio iling'aa kama jukwaa la harusi. Kisha mwanga ukaanza kupungua. Kwanza taa zilichoka jioni, halafu alasiri, halafu hata kabla ya chakula cha mchana. Jua likiwa linachoma paa la gari, ndani mashine inakohoa.

"Tumwite mdogo wako," akasema Mama Picha.

Mumewe akauma mdomo. Mdogo wake alikuwa fundi wa betri na sola, tena anayesifiwa. "Huyo? Akijua nimenunua mwenyewe atanicheka mpaka tuzikwe."

"Basi acha acheke, mimi nipate umeme." Akapiga simu palepale.

Shemeji akafika na pikipiki yake. Akafunua kochi, akachungulia, akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kaka! Umeoa mwanamke wa masafa marefu, ukamletea mkimbiaji wa mita mia?"

"Sema kwa adabu," kaka mtu akanung'unika.

"Shemeji, sikiliza," akamgeukia Mama Picha. "Betri ya lori kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa dakika moja, injini ikiwaka basi imemaliza. Mabamba yake ya madini ya risasi ni membamba. Ukiikamua polepole kutwa nzima, kila siku, yanaharibika upesi. Nyie mnataka betri yenye mabamba manene, inayokubali kunywewa na kujazwa, kunywewa na kujazwa. Hizi hazina kosa, zimeozwa nyumba isiyo yao."

"Kama wewe ungeozwa," Mama Picha akamjibu, "maskini huyo mwanamke." Ndivyo walivyozungumza siku zote, shemeji na shemeji.

Fundi akataka kwanza kujua umeme unakwenda wapi. Wakataja taa, mashine, friji, feni, simu. Akarudia hesabu yake, akakuna kichwa. "Kuna mtu mwingine anakula humu. Hesabu haitoshi." Ndipo Mama Picha akakumbuka kwamba mashati ya mumewe, hata porini kusiko na nguzo ya umeme, yalikuwa na mikunjo iliyosimama kama visu.

"Mzee. Unapiga pasi na nini?"

Mzee akatazama dirishani. "Mara moja moja tu," akasema. "Wakati umelala mchana."

Siku ile pasi ya umeme ikapewa likizo isiyo na mwisho.

Baada ya hapo wakakaa kuchagua. Shemeji akaeleza kwamba betri ya lithiamu ni nyepesi, inadumu, haitaki kubembelezwa, ila kwa gari lile kuukuu ingebidi wabadilishe chaja na namna injini inavyojaza. Kuna zilizozibwa, huzigusi, lakini ukizichaji kupita kiasi huna namna ya kuzirudishia maji yaliyopotea. Na kuna za maji, ngumu kama mafundi wa zamani, ila zinataka mtu wa kuzitunza. "Na wengi huzisahau," akaongeza, "kwa hiyo sikushauri."

Mama Picha akainua nyusi. "Shemeji, mimi kabla ya hizi mashine nilisafisha picha kwenye chumba cha giza miaka na miaka. Dawa kwenye mabeseni, glavu mkononi, maji ya kupima, ukizidisha tone umeharibu harusi ya mtu. Unanitisha na maji ya betri? Niletee za maji."

Mumewe akapendekeza wabakize moja ya zile za lori, wanunue mpya moja tu. Mdogo wake akakataa kabisa: mpya ingevutwa na mbovu, zingekufa pamoja. Zikaja mbili za namna moja, za volti sita kila moja, zilizotengenezwa wakati mmoja, akazifunga mfuatano zikatoa volti kumi na mbili. Akatoa bomba la hewa kutoka kwenye sanduku mpaka nje, kwa kuwa betri zikijazwa hutoa gesi inayoshika moto, na jiko halikuwa mbali. Tatizo likawa moja: zilikuwa ndefu, kochi likagoma kufunga. Ikabidi mzee aliinue kwa mbao. Kuanzia hapo akikaa hapo miguu yake inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la zahanati, na mkewe kila akiona hugeuka pembeni asimcheke usoni.

Mama Picha akazipenda betri zake. Alivaa miwani na glavu, akafungua vifuniko, akachungulia maji kama anayechungulia wali. Alitia maji ya betri peke yake, siyo ya bomba, na alitia zikiwa zimeshajaa umeme. Vichwa vilivyoota unga mweupe alivisugua kwa soda ya kuokea, akavipaka mafuta mazito. Mita ya kuonyesha umeme uliobaki aliitazama asubuhi na jioni, na ikikaribia nusu alizima kitu, maana zikizoea kushuka chini ya nusu hufa upesi.

Mzee naye akatamani kusaidia. Siku moja mkewe akiwa sokoni akazijaza maji mpaka shingoni, zikiwa hazijachajiwa, akawasha injini zijae. Maji yakatanuka, yakachemka mapovu, yakamwagika pamoja na asidi, naye akayafuta haraka kwa kitambaa, ameyaegemea. Mkewe alirudi akamkuta amesimama mlangoni na suruali yake aipendayo ina matundu kama chujio.

"Nani kakupiga risasi?"

"Nilikuwa nazinywesha."

Akamvua suruali, akamwosha mikono na mapaja kwa maji mengi, akamkagua ngozi nzima kwa hofu ya kweli. Alipoona hakuna kidonda, ndipo kicheko kikamtoka, mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Usiku huo hawakugombana. Alimfundisha tu, na yeye akasikiliza kama mwanafunzi mpya.

Mtihani wenyewe ulikuja na mvua. Walikuwa na kazi ya shule nzima, picha za watoto wote, na mawingu yakakaa juu ya mji siku baada ya siku, sola haipati kitu. Gari lilikuwa limezama kwenye tope, na mafuta ya kuwasha injini kutwa yasingetosha. Mama Picha akasoma mita, akafikiri, akazima feni. Akasoma tena.

"Mzee, zima friji."

"Na kuku je? Na maziwa? Na samaki?"

"Vyote vitaliwa leo. Mashine inahitaji umeme kuliko samaki."

Mzee hakubisha. Akafunga aproni, akawasha gesi, akapika kila kilichokuwamo ndani ya friji, huku mkewe upande wa pili wa pazia anachapa uso baada ya uso, kila mmoja na mdomo wake. Watoto wakaondoka, walimu wakabaki, na muuza viatu akaja na kijiko chake mwenyewe. Shemeji akapiga simu kuuliza betri zinaendeleaje, akajibiwa na kelele za sahani.

"Zinasoma ngapi?" akauliza kwa wasiwasi.

Mama Picha akainama akatazama. "Zimebaki juu ya nusu, na picha zimekwisha zote. Kaka yako ndiye aliyeshuka chini ya nusu, amelala kwenye kochi kwa shibe."

"Miguu inagusa chini?"

"Haigusi," akasema, akamfunika mumewe shuka, akarudi kwa wageni wake kuwamiminia maziwa yaliyosalia.