Mama Yuko Kwenye Mchele

Mama Kibonge aliondoka nyumbani na begi moja, koti la kuazima na maneno ya wifi yake. Wifi mwenyewe hakuwa na nia mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki. Siku ya kufunga begi alikaa kitandani, akamtazama Kibonge, binti aliyetimiza miaka miwili wiki ile ile, akasema, "Wa umri huu wiki tatu tu anakusahau. Wewe unakaa miezi mitano. Ukirudi utaanza kujitambulisha, wifi yangu."

Walicheka wote. Mama Kibonge naye alicheka, lakini maneno yale yalimkaa rohoni mpaka ndege inatua.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya udongo, mke wa mtu kati ya vijana wanaobadilishana kofia. Chuo chake kilimchagua akasome muhula mmoja nje ya nchi, na nyumbani hakuna aliyemzuia. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alisema, "Nenda. Sisi tupo." Mama mkwe akahamia pale na sufuria zake mwenyewe, na mjadala ukaishia hapo.

Huko ugenini alipewa chumba chembamba chenye dirisha refu, na kazi aliyoipenda tangu siku ya kwanza. Udongo uliletwa maabara kwenye mifuko. Anaupima, anaukausha kwenye tanuri siku nzima, anaupima tena ajue ulikuwa na maji kiasi gani, kisha anauponda na kuupitisha kwenye chekeche. Siku profesa alipotaka wautambue udongo kwa vidole tu, wenzake waliushika kana kwamba unauma. Yeye aliulowesha, akaufinya kati ya kidole gumba na cha shahada, ukatoka utepe mrefu usiokatika. Akataja kiasi cha udongo wa mfinyanzi kwa kukisia, na vipimo vikamuunga mkono. Fundi wa maabara, mzee wa maneno machache ambaye Mama Kibonge alimpachika jina la Bwana Funguo kwa mlio wa funguo za kiunoni mwake, aliitikia kwa kichwa mara mbili. Mama Kibonge alirudi chumbani anatembea kwa madaha.

Kila asubuhi, kabla hajavaa koti jeupe la kazi, alipiga simu nyumbani. Saa hiyo mume alikuwa keshaenda karakana na simu yake kubwa, kwa hiyo alipiga kwenye simu ndogo ya vitufe ya mama mkwe, isiyojua picha wala nini, iliyokaa kwenye rafu ya chini kando ya kopo la sukari.

"Halo halo! Kibonge wa nani?"

"Wa mama!"

Hapo siku yake ilikuwa imenyooka.

Ila mama mkwe alifanya kosa la watu wenye huruma. Kila Kibonge alipomlilia mama, bibi alimshikisha simu: "Mama yako si huyu hapa? Nyamaza." Mtoto akasadiki. Akawa anamfunika "mama" huyo khanga ili alale. Na mwezi wa tatu, alipoona mama hajala tangu asubuhi, akamnywesha maziwa.

Mwanawe aliporudi kutoka karakana, mama mkwe alipiga kwa simu yake. "Mwanangu, usishtuke. Umetumbukia kwenye kikombe."

"Nani?"

"Wewe. Nimekutia kwenye mchele ukauke. Mtoto amekaa chini anakulinda, anasema mama anaumwa."

Mama Kibonge alicheka maabara nzima ikageuka. Bwana Funguo akaja kuangalia kulikoni, na alipoelezwa kwamba huyu anayekausha udongo hapa, kwao anakaushwa yeye, alivua miwani akafuta machozi. Kesho yake asubuhi alimuuliza bila kutabasamu, "Umekauka?"

Kicheko kilipoisha, hofu ikabaki. Kama mama ni simu, basi huyo atakayeshuka na begi ni nani? Alimwomba mumewe amwonyeshe Kibonge picha yake. Jibu lilikuja jioni ile ile.

"Nimemwonyesha. Ameitazama vizuri kabisa."

"Akasemaje?"

"Akasema shangazi."

Yaani wifi! Mama Kibonge alikaa kitandani akalia kidogo, kisha akaona hata kulia kwenyewe kunachekesha, akaenda kuosha vyombo.

Simu ilipona. Muhula ukaisha vizuri, alama zake zikawa za kujivunia, Bwana Funguo akampa chekeche kuukuu kama zawadi. Mama Kibonge akarudi nyumbani nywele amezikata, koti mkononi.

Kibonge alikuwa sebuleni na bibi yake. Alimtazama mgeni kuanzia viatu mpaka nywele. Mama Kibonge alichuchumaa, akanyoosha mikono. "Njoo, mwanangu."

Mtoto akarudi nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akachukua simu, akaiweka sikioni.

"Mama," alinong'ona, "mgeni kaja."

Hakuna aliyecheka. Wifi aliyesimama mlangoni alijiziba mdomo kwa kiganja. Mama Kibonge aliinuka taratibu, akatoka, akasimama nje ya geti alilochomelea mumewe, akapiga namba anayoijua kuliko ya kwake.

Simu ikalia ndani.

"Halo halo! Kibonge wa nani?"

"Wa mama!" Kisha, kwa siri, "Mama, mgeni katoka."

"Yuko hapa getini. Njoo umfungulie."

Vishindo vidogo vikaja mbio, bibi nyuma yake. Geti likasukumwa. Kibonge akatokea, simu sikioni.

"Halo halo," Mama Kibonge akasema. "Kibonge wa nani?"

Mtoto alisikia sauti kwenye simu, akaisikia tena mbele yake. Akaiangalia simu. Akauangalia mdomo wa mgeni. Akairudisha simu sikioni, akangoja.

"Kibonge wa nani?" mama akarudia polepole.

"Wa mama," Kibonge akajibu, safari hii akimtazama usoni. Kisha akageuka, akamkabidhi bibi yake simu.

"Bibi, shika," akasema, akainua mikono yote miwili abebwe.