Mirunda Arobaini na Mbili

Baba mkwe wangu nimeishi naye kaya moja miaka saba, na uso wake siujui. Usicheke. Kwetu sisi Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba wa mume wake, hasemi naye, halitaji jina lake, wala haingii nyumba aliyomo. Ukimwona anakuja njiani unajitupa kichakani, hata kama kichaka chenyewe ni cha upupu. Mimi Atuganile nimelala kwenye upupu mara mbili, kwa heshima. Kwa hiyo ukitaka nikueleze sura yake, nenda kamuulize mwingine. Ila kazi yake naijua kuliko wote waliomwona, na jina lake watalitaja wenyewe huko mbele, siyo mimi.

Alikuwa fundi wa mbao za zege. Siyo zege lenyewe, mbao zake. Zege likiwa bichi ni uji tu, halina mgongo. Lazima ulijengee kwanza kitanda cha mbao cha kulilaza, na chini ya kitanda usimamishe miti ya kukibeba, ndiyo hiyo mirunda, kila mrunda na kabari yake miguuni. Zege likishakomaa kabari zinagongwa, mirunda inatolewa, mbao zinabanduliwa, na watu wanasema, "Loo, tazama daraja!" Aliyepiga zile mbao hakuna anayemuuliza hali. Kazi hiyo alijifunza Iringa kwa mkandarasi mmoja singasinga, akarudi kwetu, huku juu ya Uyole, na msumeno, pima maji na mzigo wa mbao chakavu zilizoganda saruji. Mama mkwe, mama Ikupa, akazifanya kuni. Usishangae basi nikikuambia kwamba nyumbani kwetu tulipikia ndizi kwa madaraja mawili na ofisi moja ya serikali.

"Mume wangu kajenga nchi nzima," mama Ikupa alikuwa akiniambia huku anachochea moto, "na ushahidi wote umo humu jikoni."

Mwaka hamsini na sita wazee wa kanisa letu wakaamua kwamba wapiga tarumbeta lazima wakae juu, kwenye roshani ya zege, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Mawazo hayo yalikuwa ya Mzee Jailos, mkuu wa wazee, mtu ambaye hata kikohozi chake kilikuwa amri. Mbao zililetwa kwa lori kutoka Mufindi. Mirunda tukaambiwa kila ukoo ulete mmoja. Koo arobaini na moja zilileta mikaratusi iliyonyooka vizuri. Mzee Jailos akaleta mkuyu, mbichi, na umepinda.

"Mzee, huu hautabeba kitu," baba mkwe alimwambia. Nilisikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa nje dirishani. Pale dirishani ndipo nilipokuwa nikisali. Yeye yumo ndani, basi mimi niko nje, jua langu, mvua yangu, mwaka wa nne ule.

"Sedekia," Mzee Jailos akamjibu, "mkuu wa wazee hawezi kukosa mti kanisani."

Mkuyu ukasimamishwa. Zege tulilimimina siku moja ya Juni, baridi inakata masikio, wanawake na ndoo, wanaume na makoleo, tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mwisho wa kazi Mzee Jailos akauliza mirunda itatoka lini. Hapo ndipo baba mkwe alipojikwaa. Angetaja siku tu akanyamaza. Lakini yuko na watu wa kanisa, akataka na yeye aseme kikanisa.

"Kwa baridi hii, siku arobaini," akasema. "Kama mvua ya Nuhu."

Mdomo huponza kichwa! Siku ya arobaini alifika na nyundo yake, akawakuta wazee wamekaa mlangoni na Biblia imefunguliwa.

"Sedekia, tumesoma," Mzee Jailos akasema. "Mvua ilinyesha siku arobaini, kweli. Lakini siku hiyo Nuhu hakutoka. Alikaa ndani ya safina mwaka mzima na siku kumi."

"Mzee wangu, lile ni gharika. Hili ni zege."

"Mfano umeuleta wewe. Sisi tunaufuata."

Mwaka mzima na siku kumi! Tukawa tunasali katikati ya mirunda. Kila ukoo ulichonga jina kwenye mrunda wake, ukapigilia msumari wa kutundikia kofia, na ole wake mtu wa ukoo mwingine atakayeegemea. Watu wawili walitiana ngumi kabla ya mahubiri kwa sababu ya kuegemea. Maharusi walikuwa wanapita upande upande kuifikia madhabahu, na mmoja alipotea kidogo, akatokea kwa wanakwaya.

Sasa nisikilize. Jumapili moja ya mvua kubwa mama Ikupa alinijia dirishani akasema, "Ingia."

"Mama, na baba yumo?"

"Hii siyo nyumba tena, mwanangu. Hebu tazama, huu ni msitu. Msituni ukikutana na mkwe unajificha nyuma ya mti, yamekwisha. Ingia utafute mti."

Wazee waliulizwa, wakakuna vichwa, wakaona mila haijavunjwa. Nikaingia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilisikia mahubiri yote, hayakukatwa na upepo. Nilifurahi, sikufichi. Nikaomba kwa moyo wangu wote, "Bwana, mirunda hii ikae hapa milele." Niliomba hivyo kila Jumapili, nyuma ya mti aliousimamisha yeye.

Mwaka ukaisha, na siku kumi zake. Baba mkwe akaenda tena na nyundo. Kumbe mkuyu wa Mzee Jailos, kwa kuwa sakafu bado ilikuwa udongo, ulishaota mizizi na kutoa majani.

"Fimbo ya Haruni!" Mzee Jailos akapiga kelele mpaka akakaukiwa sauti. "Umechipua! Hii ni ishara. Fundi yeyote atakayegusa mrunda atatengwa na meza ya Bwana."

Fundi kwetu alikuwa mmoja tu.

Kipupwe cha mwaka uliofuata kifua kilimkamata vibaya. Jikoni kwetu ukuta ulikuwa wa matete, nikasikia anamwambia mama Ikupa: "Kazi ya mbao ni kuondoka. Zisipoondoka, sijamaliza kazi. Watu wanaamini zege langu haliwezi kusimama. Nitakufa nimeacha magongo kanisani, Ikupa, na watoto watasema, aliyejenga hapa alijenga kilema."

Kisha akalia. Mzee mzima, aliyejenga madaraja ya Iringa, analia kwa ajili ya miti. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikakumbuka maombi yangu ya kila Jumapili, nikaona haya mpaka masikio yakaniwaka. Halafu zikanipanda hasira: kwa Jailos, kwa Nuhu, kwa nafsi yangu mwenyewe. Mume wangu Asukile yuko migodini Rhodesia, hawezi kuja leo. Na amri ilisema fundi. Mimi nilikuwa fundi wa nini? Wa kupika.

Jumanne wazee wote walishuka sokoni Uyole. Nilichukua nyundo nyuma ya mlango, nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda. Nje ya kanisa hapakuwa na mtu, ila mbuzi wa Mzee Jailos, aliyefungwa pale kila siku ili ale majani ya kanisa.

Kazi yenyewe niliijua. Kabla Asukile hajaenda migodini nilimsikia baba yake kwa ukuta wa matete akimfundisha: anza katikati, uende ukutani, legeza zote kidogo kidogo, usiwe na pupa. Nikaanza katikati. Mrunda wa kwanza ulipiga kelele kama unachinjwa. Nilipofika wa tano nikasikia kikohozi mlangoni.

Mwe! Mkwe mlangoni, mimi ndani, nyundo mkononi. Nikajificha nyuma ya mrunda, kumbe ule nilishaulegeza, ukaanguka. Nikakimbilia mwingine. Lakini hakuingia. Alinipa mgongo, nilijua kwa jinsi sauti yake ilivyoelekea bondeni. Na maneno yake akayaelekeza kwa mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema, "ukigonga kabari usisimame mbele yake. Simama ubavuni."

Mbuzi alikuwa anatafuna. Nikasimama ubavuni.

"Na usiharakishe, mbuzi. Gonga, ngoja, sikiliza juu. Halafu gonga tena."

Nikagonga, nikangoja, nikasikiliza, mrunda kwa mrunda, mpaka jua likapinda.

"Umebakiza mingapi, mbuzi?"

Nikapiga nyundo sakafuni mara tisa. Tulikwenda hivyo, yeye na mbuzi wake, mimi na nyundo yangu, mpaka ukabaki mkuyu peke yake. Nikatafuta kabari yake, sikuiona. Nikatazama juu. Kati ya kichwa cha mkuyu na mbao palikuwa na nafasi ya vidole viwili, mwanga unapita! Miaka miwili tumeusujudia, na haujawahi kubeba hata utitiri. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka kwa sauti mkwe akisikia. Nikausukuma kwa bega, ukalala chini na vimizizi vyake.

Hapo kicheko kikaisha. Nilikuwa nimesimama peke yangu chini ya zege lile lote. Nikajiambia, likianguka litaniangukia mimi, na yeye atakuwa amesikia. Nikangoja. Halikusema kitu.

"Mbuzi," akasema, "mtaimbo uko nyuma ya mlango. Bandua ubao mmoja wa katikati."

Nikabandua. Nikatazama pale ulipokuwa, nikasahau hata hofu. Zege lilikuwa limeshika sura ya ubao ule: nyuzi zake zote, jicho la tawi, hata pale randa lilipokwaruza. Mimi nilidhani kazi yake yote tumeichoma jikoni.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni, nikaenda dirishani kwangu kwa zamani. Yeye akaingia. Nilichungulia, ndiyo, nilichungulia, lakini chini tu. Nikaona nyayo mbili zimekatwakatwa na saruji, vidole vinaangalia juu. Alikuwa amelala chali sakafuni, anatazama zege lake. Alikohoa, akacheka, akakohoa tena.

"Mbuzi," akasema, "mwambie fundi kazi imekwisha. Ndaga fijo."

Ndaga fijo ni asante sana. Kwa miaka yote ya kaya ile, ndilo neno pekee alilopata kuniambia.

Jioni Mzee Jailos alirudi na wenzake, wakakuta mirunda imelala kama kuni.

"Sedekia! Nani amegusa?"

"Mzee, mimi sikuingia mpaka ilipokuwa chini. Aliyekuwepo muda wote ni mbuzi wako."

Na mbuzi naye, bila aibu, alikuwa na jani la mkuyu mdomoni. Wazee walikaa kikao siku mbili kujadili kama mbuzi anaweza kutengwa, mpaka mmoja akauliza alibatizwa lini. Basi wakapandishwa wapiga tarumbeta wote kumi na wanane, wakaambiwa wapige huku wanakanyaga kwa nguvu. Hata vumbi halikudondoka. Mzee Jailos akaufuta uso akasema yeye tangu mwanzo alijua zege litasimama.

Jumapili iliyofuata msitu haukuwepo. Kanisa lilishakuwa nyumba tena, nikarudi dirishani kwangu, na mvua ikanikumbuka. Sikujuta. Haya, nilijuta kidogo. Kwenye wimbo wa pili nikasikia kikohozi, siyo ndani, ng'ambo ya pili, nje, kwenye dirisha la upande wa wanaume. Alibaki nje ili mimi niingie. Na mimi niko nje ili yeye awe ndani. Ndani alikuwa mama Ikupa, amesimama katikati ya wimbo, anapaza sauti: "Jamani, mmoja wenu aingie!"

Kuanzia Jumatatu nyundo ililia kanisani siku tatu. Jumapili nilipofika, dirisha langu lilikuwa limeshushwa, limekuwa mlango mdogo. Ndani yake kulikuwa na kijumba cha mbao, mtu mmoja na mtoto wake mgongoni wanatosha, na upenyo wa kumwona mhubiri. Mbao zilikuwa zile zile za roshani, saruji bado imezishika. Mama Ikupa alikizunguka, akakigonga kwa ngumi.

"Kina ukuta wake, kina paa lake, kina mlango wake," akatangaza. "Hii ni nyumba nyingine."

Nikaingia nikakaa. Kwa mazoea yangu ya fundi niliinama kutafuta kabari miguuni. Hakuna. Mbao zilikuwa zimeungwa meno kwa meno na kupigiliwa misumari mirefu, hazikutengenezwa kutoka. Nililia humo ndani mpaka mahubiri yakaisha, na wala sikumbuki yalihusu nini.

Alifariki masika ya mwaka hamsini na tisa. Sasa wazee wa siku hizi, vijana tu hawa, wananijia kila mwaka na nyundo. Wanasema, bibi, mkwe ameshakufa, unamficha nani uso, kijumba hiki kinaharibu kanisa, tukitoe. Nimewakubalia. Nimewaambia wangoje siku arobaini, kama mvua ya Nuhu.